Shule ni ya Nani, na Nani Atajibu?

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo wazazi huulizana wanapokaa barazani jioni baada ya kazi, hasa miezi ya mwisho wa mwaka watoto wanapotafutiwa nafasi za masomo: "Shule ile ni ya nani?" Mmoja atasema ni ya Kanisa, maana msalaba upo langoni. Mwingine atasema ni ya Serikali, kwa kuwa walimu wake hupokea mshahara wa Serikali. Wa tatu atasema ni ya wazazi, kwa sababu wao ndio waliochangia tofali na bati. Mara nyingi wote watatu huwa wamesema kweli, na hapo ndipo matata yanapoanzia.

Juma hili ukurasa wetu wataka kulizungumza jambo hilo, yaani ugomvi wa chini kwa chini, na pengine wa waziwazi, unaozuka baina ya shirika lililoianzisha shule na mamlaka ya umma yenye dhamana ya elimu ya mahali hapo. Si jambo la wakubwa peke yao. Mfanyakazi anayepeleka mtoto wake katika shule ya namna hiyo, au aliyemwacha mdogo wake katika bweni la shule hiyo huko mkoani, ndiye anayeonja matunda ya ugomvi huo, matamu au machungu.

Ili tusizungumze hewani, twende Buigiri.

BUIGIRI, MWAKA 1950

Msafiri atokaye Dodoma mjini kuelekea Morogoro kwa barabara kuu huikuta Buigiri kabla saa moja ya mwendo wa gari haijatimia. Hiyo ni nchi ya Wagogo: nchi ya mtama na uwele, ya mibuyu na ng'ombe, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Leo Buigiri ni kata katika Wilaya ya Chamwino, wilaya iliyozaliwa mwaka 2007 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Haiko mbali na Chamwino yenyewe, ambako Mwalimu Nyerere alishiriki kazi za kijiji pamoja na wananchi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hapo Buigiri, mwaka 1950, Kanisa la Anglikana lilifungua shule kwa ajili ya watoto wasioona. Wakati huo Tanganyika haikuwa na shule nyingine ya namna hiyo, na wanaoandika historia ya elimu maalumu katika nchi yetu huanza kuhesabu kutoka hapo. Ilipewa jina la Wilson Carlile, kasisi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1847 na kufariki mwaka 1942, ambaye mwaka 1882 aliunda kundi la wainjilisti wa Kianglikana liitwalo Church Army. Katika miaka ya 1960 makanisa mengine yakafuata mfano huo: Walutheri wakafungua shule ya wasioona Irente, karibu na Lushoto, na wamisheni wa Kiswidi wakafungua ile ya Furaha, mjini Tabora.

Yafaa tukumbuke hali ya mtoto asiyeona katika miaka hiyo. Chanjo ya surua ilikuwa haijaenea, na surua ilipomkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A iliweza kumwachia vidonda vya macho na hatimaye upofu. Mara nyingine dawa za kienyeji zilizotiwa machoni ndizo zilizomaliza kazi hiyo. Mtoto kama huyo alikaa nyumbani. Wenziwe walipokwenda machungani au darasani, yeye alibaki kivulini pamoja na bibi, akilindwa asiangukie moto. Wazazi hawakuwa na chuki naye. Hawakujua tu kwamba anaweza kufundishwa kusoma. Waliokuja kuwaambia kuwa anaweza, wakamfungulia mlango, walikuwa watu wa Kanisa, wala hatupunguzi heshima ya mtu yeyote tukikiri hivyo.

Lakini kufungua mlango ni kazi moja, na kuuweka wazi miaka sabini na zaidi ni kazi nyingine. Mtoto asiyeona husoma kwa nukta nundu, maandishi ya nukta 6 yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille alipokuwa bado kijana katika miaka ya 1820. Maandishi hayo yanataka karatasi nene isiyo ya kawaida. Kitabu kimoja cha darasani, kikiandikwa kwa nukta nundu, huwa majalada kadhaa yanayojaza rafu. Mashine ya Perkins inayotumika kuandikia hutoka ng'ambo, ina uzito unaokaribia kilo 5, na ikiharibika haipelekwi kwa fundi wa cherehani. Mwalimu lazima awe amesomea kazi hiyo. Bweni ni lazima, kwa kuwa watoto hutoka mbali. Chakula ni lazima, na matroni ni lazima.

Hakuna sadaka ya Jumapili itakayobeba mzigo huo peke yake. Wala Halmashauri ya Wilaya, yenye shule nyingi za kuangalia, haiwezi kwa urahisi kuubeba pasipo msaada. Ndiyo maana katika shule za namna hii mkono wa Kanisa na mkono wa Serikali umekutana. Mikono miwili ikikutana yaweza kuinua mzigo mzito, na yaweza pia kung'ang'ania mpini mmoja.

UGOMVI ULITOKA WAPI

Tukitaka kuuelewa ugomvi wa leo hatuna budi kurudi nyuma. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya shule za Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali ukaguzi na kutimiza masharti yake. Huo ulikuwa mkataba wa aina yake: wewe jenga na simamia, mimi nitakulipa sehemu ya gharama, nami nitakuja kukagua.

Mpango huo ulisomesha watu wengi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha katika shule za Kanisa Katoliki, ile ya Mtakatifu Maria mjini Tabora na ile ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, aliyoiacha mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Lakini mpango huo uliacha jeraha. Palipokuwa na misheni palikuwa na shule, na pasipokuwa na misheni watoto walibaki gizani. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao katika shule ambako huenda wangebadilishwa dini. Nchi ilipopata Uhuru ikajikuta ina wasomi wengi wa upande mmoja na wachache wa upande mwingine. Taifa linalotaka kujenga umoja haliwezi kulifumbia macho jambo kama hilo.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha na ule waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kwa sheria hiyo Serikali ilishika usimamizi wa shule zilizokuwa zikipata ruzuku. Haikuchagua dini. Shule za Wakatoliki, za Waprotestanti na za jumuiya za Waislamu zote ziliguswa. Majina mengi yalibadilika: mjini Dar es Salaam shule ya sekondari ya Aga Khan ikawa Tambaza, na ile ya masista wa Mtakatifu Yosefu ikawa Forodhani. Kuanzia hapo mtoto wa Kiislamu aliweza kukaa dawati moja na mtoto wa Kikristo katika shule iliyojengwa na mapadri, wala asiulizwe amebatizwa au hakubatizwa. Hilo lilikuwa jema kubwa, na aliyelipata hawezi kulisahau.

Hata hivyo, mambo mengine hayakuandikwa vizuri, au hayakuelezwa vizuri kwa wananchi. Mahali pengi usimamizi wa masomo ulihama lakini hisia za umiliki hazikuhama. Kanisa liliendelea kuitazama ardhi na majengo kama mali yake iliyoazimwa. Maofisa wa elimu nao waliyatazama majengo hayohayo kama mali ya umma iliyokwisha kupatikana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba shule bila daftari huchakaa hivyohivyo, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye mwenye wajibu wa kununua bati.

MFANO WA PAA

Tuchukue mfano wa paa. Huu ni mfano tu, hausemi juu ya shule fulani, bali aliyewahi kuwa katika kamati ya shule ataufahamu mara moja. Tuseme upepo wa mwezi wa Agosti, ambao nchi za Ugogo zinaujua sana, umeng'oa bati za bweni katika shule iliyoanzishwa na shirika la dini. Mwalimu Mkuu anaandika barua kwa Halmashauri. Jawabu linarudi kwamba majengo ni mali ya shirika, na fedha za umma haziwezi kutengeneza mali ya mtu mwingine, kwani mkaguzi wa hesabu atauliza. Mwalimu Mkuu anaandika kwa shirika. Jawabu linarudi kwamba wanafunzi wamepangwa na Serikali, walimu ni wa Serikali, mitihani ni ya Serikali, basi na paa nalo ni la Serikali. Mwalimu Mkuu anaandika tena. Septemba inakwisha, Oktoba inakwisha, Novemba inakwisha. Desemba mvua inanyesha.

Katika habari hiyo hakuna mwizi wala mtu mbaya. Ofisa wa Halmashauri alifuata kanuni za fedha. Mtu wa shirika alisema jambo lenye hoja. Lakini godoro la mtoto limelowa. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali hata hawakupigana, bali walikaa tu kila mmoja upande wake wa uwanja wakiandikiana barua, na nyasi zikaumia vilevile.

Yanayogombaniwa huwa ni mambo manne. La kwanza ni hilo la ardhi na majengo. La pili ni mwalimu: nani amchague Mwalimu Mkuu, na je, shirika lililoanzisha shule lina haki ya kusema huyu hatufai? La tatu ni mwanafunzi: nani apewe nafasi, yule aliyepangwa na wilaya, au yule aliyeletwa na mchungaji au shehe wa mahali hapo? La nne ni ibada na mwenendo wa shule: je, mtoto wa dini nyingine alazimishwe kuhudhuria sala ya asubuhi? Mambo hayo manne yakiandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, ugomvi hupungua. Yakiachwa yaelee, hata watu wema hugombana.

ILIYOTWALIWA IKARUDISHWA

Wako wasemao kwamba dawa ni nyepesi: kila shirika lirudishiwe shule yake, na Serikali ibaki na zile ilizojenga yenyewe. Dodoma penyewe pana funzo katika hilo.

Wazee wanaikumbuka shule ya sekondari ya Alliance, iliyokuwa ya makanisa ya Kiprotestanti mjini Dodoma. Ilipotwaliwa na Serikali ikaitwa Mazengo, kwa heshima ya Mtemi Mazengo wa Mvumi, kiongozi mashuhuri wa Wagogo. Kwa miaka mingi vijana wa kila dini na kila mkoa walisoma hapo kwa gharama ya umma. Baadaye shule ile ilirudishwa kwa Kanisa la Anglikana, na mwaka 2007 ukaanza hapo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Tanzania.

Je, lilikuwa jambo jema au baya? Mwenye haki atasema lilikuwa na pande mbili. Dodoma ilipata chuo kikuu, na chuo kikuu huleta walimu, ajira na elimu ya juu kwa wenyeji na wageni. Lakini shule ya sekondari ya umma yenye jina na historia ilitoweka. Mwana wa mkulima ambaye miaka ya nyuma angechaguliwa kuingia Mazengo pasipo kuuliza baba ana kiasi gani, hakuikuta tena. Yaani kurudisha si kufuta hasara, bali ni kuihamisha kutoka bega moja kwenda bega jingine. Kabla ya kuamua yafaa kuuliza ni bega la nani litakalobeba.

Kwa upande wa shule za wasioona swali hilo ni zito zaidi. Mtoto wa kawaida akikosa nafasi shule hii atatafutiwa shule jirani. Mtoto asiyeona hana shule jirani. Akiondoka Buigiri huenda kwake kukawa tena kivulini pamoja na bibi. Tusisahau pia kwamba katika miaka ya baada ya 2006, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, ni shule za namna hii, kama ile ya Mitindo wilayani Misungwi, zilizogeuka kuwa ngome za kuwahifadhi watoto hao. Hapo hapakuwa na nafasi ya kuuliza nani mwenye hati ya kiwanja.

WENZETU WANAFANYAJE

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Huko Marekani jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 1991 iliyoruhusu walimu na wazazi kuanzisha shule za mkataba. Shule hizo hulipiwa na fedha za umma na hazitozi ada, lakini huendeshwa na bodi yake yenyewe, nje ya utawala wa kawaida wa elimu wa wilaya. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1992 katika mji wa Saint Paul, na baadaye majimbo mengi yakafuata. Tangu hapo ugomvi haujakoma. Wilaya hulalamika kwamba kila mtoto anayehamia shule ya mkataba huondoka na fedha zake, ilhali jengo, taa na mshahara wa mwalimu aliyebaki havipungui. Shule za mkataba nazo hulalamika kwamba zinanyimwa majengo. Katika jiji la New York mwaka 2014 Meya na shule za mkataba waligombea vyumba ndani ya majengo ya shule za umma, hata jimbo likaingilia kwa sheria na kulitaka jiji ama litoe nafasi ama lisaidie kulipa pango.

Tusiige kila kitu cha wenzetu, ila jambo moja la mpango huo lafaa kutazamwa. Mkataba wao una muda. Muda ukiisha, shule hupimwa kama ilitimiza ilichoahidi. Ikishindwa, mkataba waweza usifanywe upya. Kwa hiyo wagombane watakavyo, yupo mtu mwenye jina na sahihi anayeweza kuulizwa.

Hapa jirani, Kenya nayo ina shule nyingi zilizoanzishwa na makanisa na sasa ni za umma. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemtaja mfadhili wa shule na kumwekea mipaka. Anawakilishwa katika bodi ya shule, anashauri katika mambo ya kiroho, anaweza kuleta kasisi kwa gharama zake mwenyewe, tena anatazamiwa kusaidia kwa fedha na majengo. Ugomvi haukwisha kabisa kwa sheria hiyo, maana bado husikika mivutano juu ya uteuzi wa walimu wakuu. Lakini angalau pande zote zina karatasi moja ya kusomea.

Na sisi wenyewe hatukosi mfano. Tazama hospitali. Palipokuwa na hospitali ya misheni na hapana hospitali ya Serikali, nchi yetu iliona si busara kujenga nyingine ubavuni mwake. Ikafanya mapatano, ikaifanya hospitali ile kuwa Hospitali Teule ya Wilaya: Serikali ikasaidia mishahara na ruzuku, na shirika likaendelea kumiliki na kuendesha. Mgonjwa wa dini yoyote alitibiwa. Mwaka 1992 Serikali ilitia sahihi hati ya maelewano na makanisa juu ya huduma za afya na elimu. Waislamu wengi waliilalamikia hati hiyo, wakisema haikuwatazama wao, na malalamiko ya namna hiyo hayafai kupuuzwa. Mapatano yenye afya ni yale yanayoweza kusomwa hadharani mbele ya wananchi wa dini zote, na kila shirika lenye shule likapewa masharti yaleyale.

Wala Chama chetu hakimo nje ya kipimo hicho. Jumuiya ya Wazazi, ambayo asili yake ni TAPA ya enzi za kupigania Uhuru, nayo ni mwenye shule. Shule nyingi za TAPA zilianza katika mabanda, kwa moyo wa wazazi waliochoka kungoja, na maofisa wa elimu wakawa na wasiwasi juu ya ubora wake. Wazazi walikuwa na haki ya kutaka shule, na maofisa walikuwa na haki ya kutaka shule iliyo shule kweli. Tukimwuliza Askofu au Shehe atajibu nini paa likivuja, nasi hatuna budi kukubali kuulizwa hivyohivyo.

SWALI LILILO BORA

Ndugu msomaji, baada ya kuyatazama hayo yote, twaona kwamba swali la "shule ni ya nani" halifiki mbali. Aliyejenga ana hoja yake. Anayelipa ana hoja yake. Aliyechangia jasho ana hoja yake. Swali lililo bora ni hili: nani atajibu? Mtoto akikosa karatasi ya nukta nundu, nani atajibu? Bweni likiungua, nani atajibu? Mwalimu aliyesomea kazi akihamishwa na asiletwe mwingine, nani atajibu? Anayetaka kuitwa mwenye shule na akubali kwanza kuitwa mwenye jukumu. Haki ya kuweka jina langoni iende pamoja na wajibu wa kununua bati.

Sheria haituachi mikono mitupu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto mwenye ulemavu kuwa na haki ya elimu kama wenziwe. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Lakini elimu bila ada si elimu bila gharama. Kwa mtoto asiyeona gharama ni kubwa kuliko ya mwenzake, na mzazi akiambiwa kuwa kila kitu ni bure hudhani wajibu wake umekwisha, akaacha kwenda hata mikutanoni.

Basi tuwashauri nini wazazi? Kwanza, hudhurieni mikutano ya shule, hata kama mtoto yuko bweni la mbali. Mfanyakazi aliyepata likizo, badala ya kwenda moja kwa moja kijijini, apitie shuleni siku moja. Aketi na Mwalimu Mkuu kwa heshima, aulize: hati ya kiwanja iko kwa nani, matengenezo ni ya nani, mwalimu wa nukta nundu anatoka wapi, na je, mapatano baina ya mwanzilishi na Halmashauri yameandikwa? Kama yameandikwa, kamati ya shule iwe na nakala. Kama hayajaandikwa, kamati iombe yaandikwe, na imwombe Diwani alipeleke jambo hilo katika Baraza la Madiwani. Barua moja iliyoandikwa wakati wa kiangazi, watu wakiwa watulivu, ni bora kuliko ishirini zinazoandikwa mvua ikinyesha.

Pili, tusiwafundishe watoto kuchukua upande katika ugomvi wa wakubwa. Mzazi akimwambia mtoto kwamba Serikali imepora shule yetu, au kwamba hao watu wa dini ni wabaguzi tu, anampeleka darasani akiwa na kinyongo kisicho chake. Mtoto amwone mwalimu kuwa mwalimu.

Tatu, wenye mamlaka wa pande zote mbili wakumbuke kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na waliomo chomboni ni watoto. Palipo na shule yenye mwanzilishi na mlipaji tofauti, wakae meza moja angalau mara moja kila mwaka, kabla bajeti ya Halmashauri haijafungwa, waandike nani atafanya nini mwaka ujao na kwa fedha ipi. Mwaka ukiisha warudi wasomane. Asiyetimiza aseme kwa nini, mbele ya wazazi.

Shule ya Buigiri imekwisha kuona mkoloni akiondoka, Tanganyika ikiwa Tanzania, makao makuu ya nchi yakihamishiwa Dodoma, na wilaya ikigawanywa ikizaliwa nyingine. Katika miaka hiyo yote kazi iliyowekwa hapo mwaka 1950 haikubadilika: mtoto ashikwe kidole, kidole kiwekwe juu ya nukta, na nukta zigeuke kuwa neno. Yeyote anayesaidia kidole hicho kufika kwenye nukta, awe wa Kanisa au wa Halmashauri, tumshukuru. Na anayekizuia, kwa barua au kwa ukimya, wazazi tumwulize.